Jibu: Kuhamisha Windows kwenda SSD mpya
Ndugu, umeuliza namna ya kuhamisha Windows 10 kutoka diski ya GB 500 kwenda SSD (aina ya diski yenye kasi zaidi) ya TB 1 bila kupoteza mafaili. Utatumia Clonezilla, programu inayonakili diski nzima kwenda diski nyingine. Kwanza nakili mafaili muhimu kwenye diski ya tatu, kwa sababu kosa linaloumiza zaidi, ambalo hata mimi nimewahi kulifanya, ni kuchanganya chanzo (diski ya zamani) na lengwa (SSD mpya), na Clonezilla ikaifuta diski yenye data. Kwa hiyo soma modeli ya kila diski, si ukubwa peke yake. Kazi ikiisha, zima kompyuta na uchomoe diski ya zamani kabla ya kuiwasha tena, kwani diski mbili zenye kitambulisho kimoja huichanganya Windows. Nafasi itakayobaki tupu kwenye SSD utaiunganisha na C (sehemu ya diski yenye Windows) baadaye, ingawa patisheni ya urejeshaji, yaani sehemu ya diski ya kurekebishia Windows, mara nyingi hukaa katikati ya C na nafasi hiyo na kuzuia. Diski ya zamani usiifute kwa wiki kadhaa.