Kalsiamu Imepanda na Hujui Sababu? Ulizia Kipimo cha PTH

Kalsiamu ikizidi kwenye damu haipigi hodi kwa dalili moja. Mimi nilikuwa na kiu isiyokatika, usiku naamka kila mara kukojoa, choo kigumu, mwili mchovu hata siku niliyoshinda nimekaa. Naingia jikoni nasimama, sikumbuki nimefuata nini. Nikapimwa sukari, malaria, taifodi, vyote safi. Wifi yangu akasema ni kukoma hedhi. Mashoga wakasema ni mawazo. Mpaka nilipopata vijiwe kwenye figo ndipo karatasi ya maabara ikaja na kalsiamu 2.81, na pembeni yake herufi H, yaani iko juu.

Usiku huo nilishinda kwenye simu nikisoma habari za saratani. Kwa hiyo wewe unayesoma haya saa nane za usiku, nikupe picha kamili. Ni kweli kwamba karibu visa tisa kati ya kumi vya kalsiamu kupanda vinatokana na mambo mawili: tezi za paratiroidi, vitezi vidogo vya shingoni, au saratani. Lakini saratani inapopandisha kalsiamu, kwa kawaida huipandisha haraka, na mara nyingi mgonjwa huwa ameshajulikana kuwa anaumwa. Kalsiamu iliyozidi kidogo kwa miaka, kwa mtu anayetembea na kufanya shughuli zake, mara nyingi ni tezi. Ndiyo maana nakwambia fukua karatasi zako za zamani. Mimi niliikuta ya miaka ya nyuma chini ya kabati, kalsiamu iko juu, na hakuna aliyeniambia kitu.

Ukilinganisha karatasi, angalia vizio. Maabara moja huandika milimoli kwa lita, nyingine miligramu kwa desilita, na 2.8 ya huku ni sawa na 11.2 ya kule. Usifurahi kwamba imeshuka.

Sasa hiyo PTH. Nyuma ya tezi ya shingo, kwa kawaida kuna vitezi vinne vidogo kama punje za mchele. Kazi yake ni kutoa homoni ya PTH, ambayo hupandisha kalsiamu kwa kuitoa kwenye mifupa na kuizuia isipotelee kwenye mkojo. Kalsiamu ikiwa juu, vitezi vizima hunyamaza na PTH hushuka. Daktari mmoja kijana alitazama majibu yangu akasema, “PTH iko kawaida, mama, usiwe na wasiwasi.” Bingwa wa homoni alipoiona karatasi ileile alitikisa kichwa: kwa kalsiamu ile, PTH ilitakiwa iwe chini kabisa. Kuwa “kawaida” ndiyo kasoro yenyewe. Shika hilo, maana linawapita hata wataalamu. PTH ikiwa chini kweli, hapo ndipo hutafutwa saratani, vitamini D iliyozidi, na huku kwetu TB nayo isisahaulike.

Omba kalsiamu irudiwe pamoja na albumini, ile protini ya damu, na PTH itolewe siku hiyohiyo. Beba dawa zako zote kwenye mfuko, siyo majina kichwani. Haidroklorothiazaidi, ile dawa ya presha ya kukojoza, inaweza kupandisha kalsiamu. Lithiamu, dawa ya maradhi ya akili, pia, na vidonge vya mifupa tunavyonunua wenyewe kwa ajili ya magoti. Ya presha usiiache kabla daktari hajakwambia. Maji kunywa, isipokuwa kama una tatizo la moyo au figo na umewekewa kiasi.

Kuna pia kipimo cha mkojo wa saa 24, na hiki wengi wanakiona kero. Mkojo wa kwanza wa asubuhi unaumwaga, kisha unakusanya wote hadi ule wa kwanza wa kesho yake. Dumu langu lilikaa bafuni na karatasi niliyoandika USIGUSE, wajukuu wakacheka siku nzima. Usikiruke: kuna hali ya kurithi ambayo kalsiamu huwa juu kwenye damu lakini kidogo sana kwenye mkojo, na mwenye nayo kwa kawaida hahitaji kisu.

Mgonjwa akianza kuchanganyikiwa, kutapika mfululizo au kulala asiamshike vizuri, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Usingoje miadi.

Mimi kitezi kimoja ndicho kilichokuwa kimevimba, kikatolewa. Baada ya upasuaji midomo ikafa ganzi na vidole vikawa vinawasha, kwa sababu kalsiamu ilikuwa imeshuka, nikapewa vidonge vya kalsiamu! Ukihisi hivyo, mwite muuguzi mara moja, hata kama ni usiku.