Nyayo zinawaka moto na sukari "haijafika": anzia kwenye kikaango

Ganzi ya miguu tumezoea kuihesabu kuwa ni ya wagonjwa wa kisukari wa miaka mingi. Ndiyo maana nyayo zangu zilipoanza kuwaka moto usiku, kila niliyemweleza alikuwa na jibu lake: mzunguko wa damu, viatu, uzito, umri. Dada mmoja wa ofisini aliniletea mafuta ya karafuu nisugue. Kwenye zahanati walinitoboa kidole, wakasoma sukari, wakasema mama huna kisukari, nenda kapumzike.

Kweli sikuwa nacho. Nilikuwa mpakani. Kipimo kilichoonyesha hivyo ni kile cha wastani wa sukari wa miezi mitatu, HbA1c. Kwa vigezo vinavyotumika sana, kuanzia asilimia 5.7 hadi 6.4 uko mpakani, na 6.5 ni kisukari. Mimi nilisoma 6.1, tumbo likiwa limetangulia mbele kitambo. Daktari aliyekiagiza alifanya pia jambo ambalo hakuna aliyewahi kunifanyia: alinivua viatu, akaniambia nifumbe macho, akawa ananigusa vidole kwa uzi mgumu wa nailoni ili niseme nikihisi. Kisha akaweka kwenye kidole gumba kile chuma chenye umbo la uma kinachotetemeka. Mguu wa kushoto sikusikia mtetemo kabisa: neva, yaani mishipa ya fahamu, zilikuwa zimeguswa. Kama una miguu inayochomachoma, usiondoke kliniki kabla ya kuvuliwa viatu. Omba, hata kama foleni ni ndefu.

Kila uzi wa neva ya hisia unaofika kwenye kidole cha mguu ni wa seli moja, kiini chake kiko karibu na uti wa mgongo chini ya kiuno, na mkia wake unashuka karibu mita nzima. Urefu wote huo unahitaji nishati, na vile vinu vidogo vya nishati ndani ya seli, mitokondria, inabidi visafiri hadi ncha. Ni kama nyumba ya mwisho kwenye bomba la mtaa: presha ikishuka kidogo, yeye ndiye wa kwanza kukosa maji. Ndiyo maana shida huanzia vidoleni, miguu yote miwili, ikapanda taratibu kama mtu anayevaa soksi.

Kilichonishangaza ni kwamba sukari peke yake haielezi habari yote. Kwa wenye kisukari aina ya kwanza, kuidhibiti sukari hulinda neva vizuri. Kwa aina ya pili, ile ya watu wazima wengi wenye vitambi, faida yake kwa neva imeonekana kuwa ndogo mno. Na wapo watu wanene ambao sukari yao ni safi kabisa lakini neva zimekwisha kuguswa. Kwa hiyo kuna kingine kinachoingia na unene: mafuta yanayozunguka kwenye damu, na aina ya mafuta tunayokula.

Hapo ndipo kazi ya maabara ya Profesa Eva Feldman, Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, iliponifungua macho. Mwaka 2019 walichapisha majaribio ya panya. Panya walilishwa mafuta ya nguruwe kwa wingi, wakanenepa, neva zikaharibika. Kisha baadhi yao wakahamishiwa mafuta ya alizeti ya aina maalumu, yenye asidi ya oleiki nyingi, ambayo ni aina ya mafuta laini. Chakula kilibaki kizito vilevile na uzito haukushuka, lakini neva zilianza kurudi. Kwenye seli waliona asidi ya palmitiki, aina ya mafuta magumu, inazuia mwendo wa mitokondria ndani ya mkia wa neva, na oleiki inaunusuru. Ni panya, najua, na mimi si panya. Lakini kubadili mafuta ya kupikia hakuhitaji cheti cha daktari.

Basi nikaenda jikoni. Mafuta ya kupima tunayonunua dukani Dar, mengi asili yake ni mawese yaliyosafishwa, na mawese yana palmitiki kama asilimia 44. Yaweke kwenye friji uone yanavyoganda. Na sisi hatuyatumii kijiko: maandazi asubuhi, chapati, sambusa saa nne, chipsi mayai jioni ukikosa nguvu ya kupika, na samaki aliyezama kwenye karai. Nilikuwa naacha sukari kwenye chai huku nikimalizia na vitumbua viwili.

Nilihamia alizeti, kidogo, na nikaacha kukaanga kwa kuzamisha. Niseme wazi: alizeti ya kawaida inayokamuliwa Singida si ile ya majaribio, maana oleiki yake ni ndogo zaidi. Ukiitaka oleiki, hapa kwetu iko kwa wingi kwenye parachichi, korosho na karanga, na ufuta nao haupo mbali. Sasa karanga za kusaga ndizo zinazotia ladha mchicha na kisamvu changu badala ya mafuta kuelea juu ya mboga. Nusu parachichi kwa maharage na kachumbari ni chakula cha mchana kinachonifikisha jioni bila kutafuta andazi. Korosho nakula za kiganja kimoja, si mfuko mzima mbele ya televisheni, kwa sababu mafuta mazuri nayo yananenepesha.

Nazi ndiyo iliyoleta kesi. Mama yangu ni wa Tanga, na wali bila tui kwake ni chakula cha mgonjwa. "Mwanangu, nazi imewalea nyinyi wote, leo ndiyo imekuwa sumu?" Nikamwambia, "Hapana mama, sumu sijasema." Nazi ni mafuta magumu karibu yote, ila mengi si palmitiki, kwa hiyo siwezi kuibebesha kesi ya mawese. Tuliafikiana: tui la pili siku za kawaida, tui zito siku ya wageni.

Upande wa wanga sikuhama ugali, nimehama saizi. Dona badala ya sembe, mboga za majani zijaze nusu ya sahani, dagaa au kunde vichukue robo. Soda na juisi za pakiti nimeziacha, na hilo, kusema kweli, lilikuwa gumu kuliko mafuta.

Kutembea nako kuna sehemu yake. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah walitoa matokeo ya watu 32 waliokuwa mpakani kama mimi na neva zao zimeshaharibika. Walipewa ushauri wa chakula na mazoezi kwa mwaka mzima, kisha wakachukuliwa vipande vidogo vya ngozi ya mguu: nyuzi za neva zilikuwa zimeota tena kwa kiasi, hasa pajani, na maumivu yalipungua. Utafiti mwingine mkubwa wa Marekani, uliotoka mwaka 2002, ulionyesha kwamba kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki hupunguza uwezekano wa kuingia kwenye kisukari kwa asilimia 58. Kwa mtu wa kilo 90, hizo ni kilo sita na ushee. Mimi nashuka daladala vituo viwili kabla ya nyumbani, nikiwa na raba, maana mguu wenye ganzi hausemi ukichubuka.

Kwangu moto wa usiku ulipoa baada ya miezi kadhaa, polepole kiasi kwamba mume wangu ndiye aliyegundua kwanza, kwa kuwa shuka haziburutwi tena. Kidole gumba cha kushoto bado kina ganzi, na daktari hajaniahidi kitu juu yake.

Wale wanaouza "dawa ya neva" stendi, mimi huwapita. Ila kabla hujailaumu sukari au mafuta, hakikisha unapimwa na mengine. Upungufu wa vitamini B12 huleta ganzi ileile, na metfomini, dawa ya kisukari, ikitumiwa muda mrefu huishusha B12, kwa hiyo anayeimeza aulizie kipimo. Anayetumia dawa za TB zenye isoniazidi aulize kama amepewa vitamini B6. Pombe nyingi, VVU na tezi ya shingo nazo zimo kwenye orodha. Na ganzi iliyokuja ghafla, au ya upande mmoja wa mwili, au mguu uliolegea ghafla, hiyo si ya kubadilishiwa mafuta ya kupikia. Ni ya kukimbizwa hospitali siku hiyohiyo.