Nitatazamaje mbele na deni liko mlangoni?

SWALI: Shikamoo. Nauza dagaa hapa soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, nina watoto watatu, mume wangu alifariki mwaka jana. Juzi mvua imenikutia mzigo bado umeanikwa mchangani kule Igombe, nikaishia kuuza kwa bei ya chakula cha kuku. Deni la kikoba liko palepale. Mchungaji anasema nisiangalie ya sasa, nitazame mbele. Nitaachaje kuyaangalia na watu wanagonga mlango? Au imani yangu ndogo? Mama T., Kirumba.

JIBU: Marahaba dada yangu, pole sana, pole na msiba na pole na mzigo. Anayejua dagaa wakishanyeshewa mchangani wanavyobadilika rangi na kuanza kunuka anajua umepoteza nini, hilo la imani ndogo naomba ulitoe kabisa kichwani.

Nadhani mchungaji alisoma 2 Wakorintho 4:18, tusiviangalie vinavyoonekana. Sasa endelea na barua hiyohiyo mpaka sura ya 11 uone Paulo anavyoyataja ya kwake moja moja, viboko, njaa, kukesha, mara tatu kavunjikiwa meli, mchana na usiku yuko kilindini, na sisi watu wa ziwa hatuhitaji kuelezwa hiyo ni nini. Aliyaona vizuri sana, ila hakukubali yawe ndiyo mwisho wake.

Halafu soma Yeremia 32, hii mimi naipenda mno. Jeshi la Babeli limezingira Yerusalemu, nabii Yeremia mwenyewe kafungwa uani kwa walinzi, na hapohapo Mungu anamwambia anunue shamba la binamu yake kule Anathothi! Akapima shekeli 17 za fedha, mashahidi wakatia sahihi, hati zikawekwa kwenye chombo cha udongo zikae siku nyingi. Mji unaanguka, mtu anaandikisha shamba. Hilo ndo tumaini ninalotaka ulishike.

Kwa hiyo nenda mwenyewe kwa mwenyekiti wa kikoba kabla ya siku ya kikao, mweleze mvua ilivyokukuta, omba ulipe kidogokidogo. Mbalamwezi ikiisha, giza likirudi na mitumbwi ikaingia ziwani, anza na ndoo chache tu, usikope tena ili urudishe yote kwa mkupuo. Na mtu akikwambia toa sadaka kubwa au nunua mafuta ya upako ili deni lifutike, mkimbie, nasema kwa uchungu kabisa kwasababu nimeona akina mama wanamaliziwa mtaji hivyohivyo.

Kuhusu marehemu, lia dada, usijibane. 1 Wathesalonike 4:13 inawakataza waamini kuhuzunika kama watu wasio na matumaini, machozi haijayakataza. Watoto nao wakiuliza baba yuko wapi usiwakwepe, kaa nao chini uwaambie wazi kwamba Yesu alifufuka na baba yao mtamwona.