Daktari wa Wanyama Anajibu: Kisosi cha maziwa kilichoahirisha upasuaji

SWALI: Shikamoo daktari. Nilimpeleka paka wangu jike kufungwa kizazi. Alfajiri alikuwa amelia sana, nikamwonea huruma, nikampa maziwa kidogo. Nilipowaambia kliniki, wakaahirisha na kunipangia siku nyingine. Kisosi kimoja cha maziwa kweli ni cha kunirudishia mnyama? – Mwenye Paka

JIBU: Marahaba. Wenzako wengi wangenyamaza, tukaja kugundua mnyama yuko mezani tayari. Aliyekurudisha alifanya sawa, na wewe uliyesema ukweli umemwokoa paka wako.

Tatizo si wingi wa maziwa. Nusukaputi hulegeza misuli, pamoja na ule unaofunga mlango wa tumbo, na mnyama anapoteza uwezo wa kumeza na kukohoa. Kilichomo tumboni hupanda kimya kimya hadi kooni, kisha kikateremkia mapafuni pamoja na tindikali yake. Ndiyo maana tunamwekea mrija kwenye njia ya hewa, wenye puto dogo linalojazwa upepo ili kuziba pembeni. Lakini zipo dakika kabla mrija haujaingia, na nyingine baada ya kuutoa, ambapo hana kinga yoyote. Mimi dakika hizo naziogopa kuliko kisu chenyewe.

Mnyama mzima mwenye afya kwa kawaida huondolewa chakula usiku wa kuamkia upasuaji, maji akaachiwa hadi asubuhi. Vitoto havifungishwi usiku mzima: akiba yao ya sukari ni ndogo na huweza kuishiwa nguvu kabisa, kwa hiyo huzuiwa kula kwa saa chache tu. Fuata saa ulizopewa na kliniki yako. Na usiishie kuondoa bakuli lake. Mfungie chumbani, la sivyo ataramba sahani za jikoni na bakuli la mwenzake, na wewe utaapa mbele ya daktari kwamba hajala kitu.

SWALI: Mbwa wangu jike ni mzee kidogo. Wiki chache baada ya kutoka kwenye joto (siku za kutaka dume) alianza kunywa maji kupita kiasi, akaacha kula. Wakasema mji wa mimba umejaa usaha, wakampasua siku ileile. Sasa yuko nyumbani, usiku analialia na kutetemeka. Ndani nina parasetamoli na ibuprofeni za watu. Nimpe ipi? Mshono nausafisha kwa spiriti, na ile koni ya shingoni ya kumzuia kulamba mshono nimemvua, anagonga kila mlango. – Baba Mbwa

JIBU: Pole, Baba Mbwa. Jarida hili likikufikia naamini mgonjwa atakuwa ameshapona, lakini maswali yako yote ninayaulizwa kila mara, basi nawajibu na wengine.

Vidonge hivyo, usimpe hata kimoja. Ibuprofeni humtoboa mbwa tumbo na kumharibu figo, na figo za mbwa aliyetoka kwenye usaha wa kizazi zimeshateswa vya kutosha. Parasetamoli ni mbaya zaidi kwa paka: ini lake haliwezi kuivunja, damu inashindwa kubeba oksijeni, fizi zinakuwa za kahawia, uso unavimba. Hata kidonge kimoja kinaweza kumuua. Piga simu kliniki, uulize alichomwa dawa gani ya maumivu na inaisha nguvu saa ngapi. Kulialia saa za mwanzo mara nyingi ni nusukaputi inayomtoka. Kutetemeka huenda ni baridi, mtandikie penye joto. Lakini akijikunja mgongo, akikataa kulala chini, au akikukoromea unapokaribia tumbo, hayo ni maumivu.

Kabla hujaenda kulala, inua mdomo wake wa juu. Fizi ziwe za waridi. Bonyeza kwa kidole hadi paweupe, achia: rangi irudi ndani ya sekunde 2. Mwenye fizi nyeusi kwa asili, angalia ndani ya kope la chini. Zikiwa nyeupe kama karatasi, huku amelegea na tumbo linajaa, huenda anavuja damu ndani. Usingoje kupambazuke.

Spiriti iache. Inaunguza chembe changa zinazojaribu kuunga ngozi. Mshono mkavu hauhitaji kitu. Wewe utazame tu asubuhi na jioni. Uvimbe mdogo usio na joto si wa kutisha. Ukiona joto, harufu, au majimaji yanayodondoka, mrudishe.

Koni mrudishie leo. Nyuzi unazoziona ni za ngozi tu. Chini yake kuna mshono wa ukuta wa tumbo, na huo ndio unaozuia matumbo yasitoke. Mbwa akianza kulamba hufumua wa juu, akiruka kitandani huvuta wa chini. Ukingo wa koni upite ncha ya pua, vinginevyo ni pambo. Atagonga milango siku moja au mbili, kisha atazoea. Hadi nyuzi zitolewe, siku 10 hadi 14, atoke kujisaidia akiwa na kamba. Mimi nashona kwa saa moja, Baba Mbwa, wewe unalinda kwa wiki mbili, na kesi nyingi zinazonirudia mezani zimeharibikia huko kwako.

SWALI: Paka wangu dume kahasiwa juzi. Sioni uzi hata mmoja! Wamesahau kushona? – Mwenye Wasiwasi

JIBU: Hawakusahau. Kwa paka dume tunapasua sehemu ndogo mbili kwenye korodani, mara nyingi tunafunga fundo kwa mrija wake mwenyewe wa mbegu na mishipa yake, na ngozi tunaiacha ijifunge. Ila mtenge na majike kwa wiki 6, kwani mbegu zilizobaki njiani bado zinaweza kutia mimba. Na kwenye boksi lake la kujisaidia weka karatasi zilizochanwa badala ya mchanga hadi vidonda vifunge. Punje za mchanga hunasa humo.