Ruzuku ya Mboga na Matunda: Mlango Upi Ubishwe?

SWALI

Ndugu Mhariri,

Sisi ni familia tisa tuliotoka Afrika Mashariki, na tunalima mboga katika shamba la kukodi jimboni Ohio, Marekani. Tunapanda mchicha, bamia, biringanya, nyanya na karanga. Tulisikia kwamba serikali hutoa mamilioni ya dola kila mwaka kusaidia wakulima wa matunda na mboga, tukaandika ombi la kununuliwa kitalu nyumba na gari lenye chumba cha baridi. Tulijibiwa kwa sentensi moja kwamba ombi letu halikidhi masharti. Je, fedha hizo ni za wakulima wakubwa peke yao? Kama sivyo, tulikosea wapi?

Wakulima wa mboga, Ohio

JIBU

Ndugu zetu wakulima,

Jibu la sentensi moja kwa watu walioandika ombi lao kwa taabu halikuwa la haki, kwa sababu liliwaacha mkidhani kwamba udogo wa shamba ndio uliowaangusha. Sivyo ilivyo. Mliomba vitu viwili ambavyo mfuko huo hauruhusiwi kuvigharamia kwa namna mlivyoviomba, na yeyote aliyesoma barua yenu angeweza kuwaeleza hivyo.

Mfuko mliousikia ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 2004 inayohusu yale ambayo Wamarekani huyaita mazao maalumu, yaani matunda, mboga na mengine ya jamii hiyo. Kwa miaka mingi misaada ya kilimo ya serikali kuu ilikuwa imeelekezwa zaidi kwenye ngano, mahindi, mpunga, pamba na soya, huku wakulima wa matunda na mboga wakijitegemea kwa sehemu kubwa. Sheria hiyo ililenga kupunguza pengo hilo. Sheria ya Kilimo ya mwaka 2018 iliutengea mfuko dola milioni 85 kwa mwaka. Hata hivyo, fedha hizo haziendi kwa mkulima moja kwa moja. Wizara ya Kilimo ya Marekani huzigawa kwa idara za kilimo za majimbo, kwa kuzingatia thamani ya mazao hayo na ukubwa wa eneo yanakolimwa, na ndiyo maana California hupata fungu kubwa kuliko majimbo mengine. Kila jimbo kisha hupokea maombi ya miradi na kuchagua.

Hapo ndipo penye sharti lililowakwamisha. Mradi unaogharamiwa na mfuko huu ni lazima uwanufaishe wakulima wengi wa zao fulani, au sekta nzima, na usiishie kuongeza faida ya shamba, kampuni au taasisi moja. Zaidi ya hayo, fedha hizi haziruhusiwi kununua ardhi wala kujenga majengo, na vifaa vya matumizi ya jumla, kama vile magari, navyo havimo. Yanayokubalika ni kama utafiti wa wadudu na magonjwa, mbegu bora zaidi, mafunzo ya usalama wa chakula, kutafuta masoko, na kuwahamasisha watoto na watu wazima kula matunda na mboga.

Sasa lichukueni tatizo lenu hilohilo mlitazame upya. Nina hakika si ninyi pekee katika jimbo lenu mnaolima mchicha na bamia kwa ajili ya wateja kutoka Afrika na Asia, wala si ninyi pekee mnaoona mboga zikinyauka kabla ya kufika sokoni. Mkishirikiana na chuo kikuu cha umma chenye huduma ya ugani, au na chama cha wakulima, mnaweza kupendekeza mradi wa kujaribu njia za kuvuna na kuhifadhi mboga za majani, kisha matokeo yafundishwe kwa wakulima wote wa mazao hayo. Ombi la namna hiyo linasomeka kwa jicho tofauti kabisa, na ninyi mtakuwa ndani yake kama wakulima wa majaribio. Ielezeni pia hatua ya kupima mafanikio, kwa maana jimbo litadai kuonyeshwa ni wakulima wangapi waliojifunza na ni nini kilichobadilika.

Angalieni pia orodha ya mazao yenyewe. Mboga zenu zote zimo, pamoja na viazi vitamu, maharagwe makavu na mahindi matamu yanayoliwa mabichi. Karanga hazimo, kwa hiyo ziondoeni katika maombi ya mfuko huu.

Kuhusu kitalu nyumba, mlango wake ni mwingine. Idara ya uhifadhi wa maliasili ya wizara hiyohiyo, NRCS, ina mpango uitwao EQIP ambao huchangia gharama za vitalu vya nailoni kwa mkulima mmoja mmoja. Anzeni kwa kusajili shamba katika ofisi ya wizara iliyopo katika kaunti yenu, na kwa kuwa ardhi ni ya kukodi, pateni idhini ya mwenye shamba kwa maandishi. Msinunue hata bomba moja kabla ya mkataba kusainiwa, kwani kazi iliyoanza mapema kwa kawaida hailipwi. Malipo hutolewa baada ya kazi kukamilika na kukaguliwa, lakini mkulima ambaye hajapitisha miaka 10 katika kilimo anaweza kuomba sehemu ya fedha itangulie, na nawasihi mliulize jambo hilo waziwazi siku ya kwanza, maana familia nyingi hukata tamaa kwa kudhani ni lazima wawe na fedha zote mfukoni.

Gari lenye chumba cha baridi linahitaji njia nyingine, kama vile mkopo wa ushirika.

Kabla ya kuandika ombi jipya, tafuteni muhtasari wa miradi iliyogharamiwa jimboni mwenu katika miaka iliyopita. Muhtasari huo ni wa wazi kwa umma, nanyi mtaona humo ni nani hasa waliopewa fedha na kwa kazi gani. Huenda mmoja wao ndiye mshirika mnayemhitaji.