Maswali ya Wasomaji: Mradi wa Kwanza wa Kuongeza Uwezo wa Blokucheni

SWALI: Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa kompyuta katika chuo kikuu hapa Nairobi. Likizo hii nataka kufanya mradi utakaonifundisha jinsi blokucheni (daftari la miamala linalotunzwa na kompyuta nyingi kwa pamoja) inavyoongezewa uwezo wa kubeba miamala mingi. Wenzangu wananihimiza niunde blokucheni yangu yenye kasi kuliko Ethereum. Nianzie wapi? – Msomaji, Kasarani

JIBU: Shauri la wenzako liache. Blokucheni ya kompyuta moja itakwenda kasi bila shida, kwa kuwa haina wa kukubaliana naye, na kwa hiyo haitakuonyesha tatizo lenyewe. Bitcoin hupitisha takriban miamala 7 kwa sekunde kwa sababu maelfu ya kompyuta, zikiwemo za watu wa kawaida, hukagua kila bloku, yaani fungu la miamala, nayo huwa ndogo na hutoka kwa wastani kila baada ya dakika 10. Bloku zikipanuliwa sana, ukaguzi utabaki kwa wenye mitambo mikubwa. Ubishi kuhusu ukubwa wa bloku ulichangia kuzaliwa kwa Bitcoin Cash, sarafu iliyojitenga na Bitcoin, mwaka 2017.

Mimi ningekuchagulia mkondo wa malipo, ambao ndio msingi wa Lightning, mtandao wa malipo ya haraka uliojengwa juu ya Bitcoin. Watu wawili huweka fedha katika mkataba mahiri, yaani programu inayojitekeleza kwenye blokucheni, kisha hupeana salio jipya lenye saini za wote wawili bila kuigusa blokucheni, kama mteja na mwenye duka wanaoandikiana daftarini hadi mwisho wa mwezi, na salio la mwisho pekee ndilo hupelekwa kwenye blokucheni.

Sehemu hiyo utaimaliza upesi. Ugumu uko kwenye udanganyifu: mwenzako akiwasilisha salio la zamani linalompendelea, mkataba utajuaje? Kila salio lipe namba ya mfuatano, uweke muda wa kupinga, na lenye namba kubwa lishinde. Kisha jiibie mwenyewe: zima kompyuta ya upande mmoja mpaka muda huo upite, uone fedha zinakwenda kwa nani. Lightning humnyang'anya mdanganyifu fedha zake zote zilizo katika mkondo huo wa malipo, adhabu ambayo mimi naiona ya haki, ingawa humuumiza pia aliyerejesha nakala ya zamani bila kukusudia.

Andika mkataba kwa lugha ya Solidity, uujaribu kwenye kompyuta yako, halafu kwenye Sepolia, mtandao wa majaribio wa Ethereum ambao sarafu zake hazina thamani. Usitumie hata shilingi yako moja. Rolapu, yaani mifumo inayochakata miamala mingi nje ya blokucheni kuu na kuipeleka huko kwa mafungu, zifuate baadaye, ukianza na zile zinazoruhusu pingamizi, kwa kawaida kwa siku 7, maana mantiki yake utakuwa umeshaijua.