Kabla hujaandika "sugu": kwa mnaoanza kazi kwenye maabara ya bakteria

Karibuni. Wengi wenu mnaingia mkiwa mmeshazisikia namba kubwa za usugu wa vimelea dhidi ya dawa: mwaka 2019 vifo milioni 1.27 duniani vilitokana moja kwa moja na bakteria sugu, na ukanda ulioongoza, ukilinganisha na idadi ya watu, ulikuwa Afrika Magharibi. Hayo ni makadirio. Kwa bara letu yamejengwa juu ya takwimu chache mno, kwani utafiti uliopitia nchi 14 za Afrika ulikuta kwamba kati ya maabara zote ni asilimia 1.3 tu ndizo zinazopima bakteria. Ukipangiwa kazi kwenye mojawapo ya hizo chache, jibu lako haliishii kwenye faili la mgonjwa. Linahesabiwa pia kwenye picha ya nchi na ya ukanda mzima. Ndiyo maana mengi nitakayosema hayahusu mashine.

Pigania sampuli kwanza. Damu ya kuotesha ichukuliwe kabla ya dozi ya kwanza ya antibiotiki, ila mgonjwa mahututi asicheleweshewe dawa kwa sababu ya chupa zako. Ikichukuliwa baada ya dozi, chupa inaweza kukaa siku tano bila kuota kitu, na daktari akasoma "hakuna vimelea" akadhani hakuna maambukizi. Mtu mzima anahitaji mililita 8 hadi 10 kwa kila chupa, tena damu itolewe sehemu mbili tofauti za mwili. Mtaletewa mililita mbili na kuambiwa mishipa haikuonekana. Pokeeni, lakini ujazo uandikwe, na mwisho wa mwezi mwende wodini na hesabu hiyo mkononi. Barua za kulalamika hazijawahi kuongeza damu kwenye chupa. Muuguzi aliyeonyeshwa hesabu ya wodi yake mwenyewe huiongeza.

Kuna stafilokokasi wanaoishi kwenye ngozi ya kila mtu. Wakiota kwenye chupa moja huku ya pili ikiwa safi, mara nyingi maana yake ni kwamba ngozi haikusafishwa vizuri, au dawa ya kusafishia haikuachwa ikauke. Shida ni kwamba bakteria hao huwa sugu kwa dawa nyingi. Ukiwaingiza kwenye kanzidata kama maambukizi, mgonjwa mmoja atapewa dawa asiyoihitaji, na hospitali nzima itaonekana ina usugu kuliko ilio nao.

Mkojo upandwe ndani ya saa mbili, vinginevyo ukae kwenye friji usizidi saa 24. Chupa za damu na maji ya uti wa mgongo haviingii kwenye friji kamwe. Hili utalirudia kwa kila zamu mpya.

Ukifika kwenye kupima dawa, uvivu mdogo unageuza majibu. Agari ya Mueller-Hinton, yaani chakula kilichoganda ambacho bakteria hupandwa juu yake na kuwekewa vikaratasi vya dawa, iwe na unene wa milimita 4. Ikiwa nyembamba, dawa husambaa mbali, duara lisiloota bakteria kuzunguka kikaratasi linakuwa kubwa, na bakteria sugu anaonekana anasikia dawa, yaani dawa inamweza. Ukipanda bakteria wazito kupita kipimo cha 0.5 cha McFarland (kipimo cha ukungu wa maji yenye bakteria), mambo yanakuwa kinyume: duara linasinyaa, na anayesikia dawa anaitwa sugu. Kichupa cha vikaratasi vya dawa kikitoka kwenye baridi kiache kipate joto la chumba kabla ya kukifungua, kwa sababu unyevu huua dawa za jamii ya penisilini. Na bakteria wa udhibiti, E. coli ATCC 25922, ambaye majibu yake yanajulikana tayari, akitoka nje ya viwango, majibu ya dawa husika hayatoki mpaka sababu ijulikane. Mtapigiwa simu na mtaitwa wazembe. Hayatoki.

Kuna makosa yanayojianika yenyewe. Bakteria aitwaye Klebsiella ni sugu kwa ampisilini kwa maumbile yake. Fomu ikisema anaisikia, basi ama umemtambua vibaya, ama kipimo kimeharibika. Mimi huanza kukagua fomu za wageni kwenye mstari huo.

Namna ya kutoa majibu nayo ni tiba. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liligawa antibiotiki katika makundi matatu: za kuanzia, za kutumiwa kwa uangalizi, na za akiba. Bakteria akisikia dawa ya kuanzia, usimchapie daktari orodha ndefu yenye za akiba. Mtu aliyechoka saa nane usiku atachagua iliyo kali kuliko zote. Chupa ya damu ikionyesha bakteria kwenye darubini, piga simu wodini hapohapo. Jibu kamili linalofika wakati mgonjwa ameshazikwa ni zuri kwa takwimu tu.

Kuhusu takwimu: programu ya WHONET, ya kutunza na kuchambua majibu ya maabara, ni ya bure, jifunzeni mapema. Mhesabu mgonjwa mara moja kwa kila aina ya bakteria, la sivyo mtu mmoja aliyelazwa miezi miwili atapandisha asilimia peke yake. Halafu jiulize ni nani aliyepimwa. Katika hospitali nyingi sampuli huja baada ya dawa ya kwanza, na ya pili, kushindwa. Asilimia inayotoka hapo ni ya walioshindikana, si ya kila mwenye homa mtaani. Bosi akitaka namba moja ya kupeleka kwenye mkutano wa kikanda, mpe pamoja na maelezo hayo, hata kama hayapendezi kwenye slaidi.

Tarehe ya kulazwa msiiache wazi kwenye fomu. Bila hiyo hakuna atakayejua kama bakteria alikuja na mgonjwa kutoka nyumbani au mgonjwa alimpata baada ya siku mbili wodini, na hatua za kuchukua kwa hali hizo mbili ni tofauti kabisa.